Mwaka wa Mkia Mzito

Ujumbe wa msiba ulinikuta kazini Mpwapwa, nimeshika kichupa cha damu ya mtu mkononi. "Mama ametangulia. Tunazika saa kumi. Hashimu." Basi. Hakuna salamu, hakuna pole, hakuna hata neno moja la kulainisha. Miaka kumi na tano nilikuwa simjui mtu mwingine duniani anayeweza kuniudhi kwa maneno matano, na hapo nikajua kwamba bado hajapatikana mwingine. Niliomba ruhusa, nikapanda basi la saa sita, na kwa jinsi lilivyosimama njiani nilifika Dodoma watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Nikavua viatu, nikajifunga kanga, nikaketi na wanawake kwenye mkeka katika ua uleule niliokaa mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikalia. Bi Mwanaidi hakuwa mama yangu. Alikuwa mwenye nyumba wangu tu, lakini alinilisha kama mtu aliyeagizwa. Habari za kwetu na za ukoo wangu nitaziacha. Hazikuwa na sehemu katika mwaka huo. Mwaka huo ulikuwa na ua huu, na Hashimu, na ndege.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya maabara, nasubiri ajira. Aliyewahi kusubiri ajira ya serikali anajua kwamba ni kazi ngumu kuliko kazi yenyewe. Unaamka, unauliza kama majina yametoka, unaambiwa bado, unafua nguo ambazo hazijachafuka. Nilipanga chumba cha uani kwa Bi Mwanaidi kwa sababu kilikuwa karibu na ofisi za kuulizia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya watu wa mji wa zamani, wale ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakaona hapa panatosha. Kuta nene, vyumba vyenye giza la baridi hata jua la Novemba likiwa kichwani, na jiko la nje lililokuwa halilali. Asubuhi maandazi na chai ya tangawizi. Ijumaa pilau. Siku nyingine akinionea huruma alinipikia mlenda na ugali wa uwele, chakula ambacho yeye hakukila asilani, akisema, "Haya, mwanangu, kula mateso yako." Chumba kilichotazamana na changu kilikuwa karakana ya mwanawe wa pekee. Hashimu alikuwa na miaka ishirini na sita, anatengeneza redio, televisheni na simu, na vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi kama vya mshona kofia. Nilipomwona kwa mara ya kwanza akiunganisha nyaya mbili zisizozidi unene wa unywele, nilisimama mlangoni nikasahau ndoo ya maji mkononi. Nasema hivi mapema ili isije ikadhaniwa kwamba sikuwahi kumheshimu.

Wiki ya pili alinigongea mlango. "Dada, eti wewe umesoma fizikia?" Nikamwambia nimesoma maabara, napima damu na choo. "Ni ileile," akasema. "Njoo uone kitu." Kitu chenyewe kilikuwa mezani: mota ndogo isiyozidi kidole gumba, betri bapa, rimoti yenye vijiti viwili, na vijimota vinne vya kuvutia usukani, vyote ameagiziwa na binamu yake aliyekuwa ughaibuni. Alitaka kujenga ndege. Si ya kuchezea, alisisitiza, akaudhika kabla hata sijasema neno. Ndege ya kubeba kamera ndogo, iruke juu ya mbuga, mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe aone walipo bila kutembea siku tatu. Mabwana mifugo wa Mpwapwa walikuwa wamekwisha kumwahidi kuitazama akiwapelekea. Wakati huo hivi vidude vinavyoruka juu ya kila harusi leo vilikuwa havijafika kwetu. Hebu fikirini: kijana katika chumba cha giza, maboksi meupe mepesi yanayofungiwa televisheni yamejaa hadi darini, anasema atawapatia Wagogo ng'ombe wao kutoka angani. Ningecheka na kurudi chumbani kwangu, maisha yangu yangekuwa mepesi. Lakini nilikuwa nasubiri ajira. Nikakaa.

Mabawa tuliyakata kwa waya wa moto kutoka kwenye yale maboksi, urefu wa mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Ndani tulipitisha vijiti vya mishikaki na pande la mwanzi ili yasikatike. Juu tulivuta plasta ya kufungia katoni. Hashimu alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa wa kusikiliza. Ukimwambia gundi haijakauka, ataishika aone. Ukimwambia bawa la kushoto limezidi la kulia kwa nusu sentimita, atakuambia jicho lako ndilo limezidi. Nilipima bawa hilo mara nne kwa rula mbili tofauti nikamwekea mbele ya uso, naye akasema rula za siku hizi si za kuaminiwa. Nilitoka nje nikapiga kelele kwenye pipa la maji. Bi Mwanaidi, anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Baba yake alikuwa hivyohivyo," alisema. "Mimi nilimzoea mwaka wa kumi na moja." Siku nyingine nilimsikia akizungumza na jirani yake juu ya ukuta. Jirani aliuliza kama sisi wawili tuna uchumba. "Uchumba wapi," Bi Mwanaidi akajibu, "wale wana ugomvi. Uchumba ungekuwa na mapumziko." Alisema kweli. Hapakuwa na jingine kati yetu.

Vita kubwa ilikuwa ya mizani. Ndege ya aina hii, kabla haijarushwa, lazima ilale juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, karibu na theluthi ya kwanza ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikitulia na pua ikainama kidogo, iko tayari. Mkia ukizama, ni hatari: ikipaa itainua pua, itaendelea kuinua hadi ishindwe kushikwa na hewa, na hapo hakuna rimoti wala dua itakayoituliza. Hayo niliyasoma katika karatasi za maelezo zilizokuja na mota, karatasi ambazo Hashimu alizitumia kufutia mafuta. Yetu ilizama mkia. Nikasema tusogeze betri mbele, na puani tuongeze misumari. Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimekaa miezi miwili napunguza uzito, gramu kwa gramu, halafu wewe unataka kuitia misumari? Tunajenga ndege au tunajenga banda la kuku?" Tulibishana wiki tatu. Tulibishana wakati wa maandazi, tukabishana wakati wa pilau, mpaka Bi Mwanaidi akatangaza kwamba neno msumari lisitajwe tena mbele ya chakula chake. Mwishowe Hashimu akakubali, lakini kwa namna yake: asubuhi moja nilikuta misumari minne imefungwa puani kwa plasta, betri imesogezwa, naye anapiga mluzi akichokonoa redio ya mtu. Ndege ilitulia juu ya vidole vyangu kama kikombe juu ya sahani, nikaona machozi yananitoka kwa hasira, kwa sababu hata ushindi alininyima.

Kisha akavunja mkia. Alitaka kuona jinsi itakavyoteleza bila mota, akairusha uani kwa mkono, ikaenda vizuri hatua kumi ikagonga nguzo ya jikoni. Nilikuwa nimekwenda kuulizia majina. Niliporudi mkia ulikuwa umekwisha kuundwa upya, si kwa boksi jepesi bali kwa kipande cha ubao mwembamba, "usivunjike tena," na juu yake amepaka rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kupakia madirisha, mikono miwili, tabaka juu ya tabaka. Alipendezwa nao mno. Hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakwenda kuirusha Ihumwa, nje ya mji, kwa mara ya kwanza. Baada ya sala ya alasiri Hashimu alitoka barazani kunywa kahawa na wenzake. Mimi nikaingia karakana peke yangu, nikaiinua ile ndege kwa vidole viwili. Mkia ukaanguka kama ndoo kisimani. Nikahamisha vidole, nikajaribu tena. Halikuwa kosa dogo.

Nilitoka kwenda kumwambia. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu mara nyingi katika miaka hii nimejitetea nalo: nilitoka kwenda kumwambia. Nilifika nyuma ya mlango wa barazani, nikasikia mmoja wa wenzake akiuliza, "Na yule binti wa chumba cha uani, naye anajua mambo ya ndege?" Na Hashimu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akajibu, "Aa, yule ananishikia gundi tu." Wakacheka, si kwa ubaya, wakahamia kwenye habari za mpira. Nilisimama pale na mkono wangu kwenye komeo. Miezi mitano. Rula mbili. Wiki tatu za misumari. Nikageuka, nikarudi karakana, nikaiweka ndege juu ya rafu jinsi nilivyoikuta, mkia wake wa kijani ukielekea ukutani. Haya basi, nilisema moyoni. Mshika gundi ashike gundi. Nilitaka aone. Nilitaka ipae pua juu, ianguke puu, aokote vipande mbele ya watu, na mimi nisimame pembeni nikae kimya kwa mara ya kwanza. Hicho tu ndicho nilichotaka. Usiku nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Shamba la Ihumwa lilikuwa la Mzee Chilewa, mkulima ambaye Hashimu alimtengenezea redio yake. Uwele ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua yamesimama kimo cha goti. Tulifika alfajiri kabla upepo mkali haujaanza, maana Dodoma upepo ukianza hauulizi mtu. Mzee Chilewa alikuwa amesimama na mbuzi wake, hajafurahi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Hiyo ndiyo ndege?" "Ndiyo." "Ikiua mbuzi wangu, utalipa mbuzi au utalipa ndege? Mimi ndege sitaki." Hashimu akamhakikishia kwamba mbuzi watakuwa salama. Akashika rimoti, akanipa ndege niirushe, naye akasimama hatua chache nyuma yangu. "Tupa kwa nguvu, kuelekea upepo, pua sawa na macho yako," alisema. Mota ikalia. Niliisikia ile ndege ikinivuta mkono kama mtoto anayetaka kwenda. Bado palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, Hashimu, zima. Maneno mawili. Nikaitupa.

Ilipaa. Ilipaa kwa uzuri ambao sitausahau, pua juu, juu, hadi tukaona tumbo lake lote jeupe, na Hashimu akapiga kelele ya furaha. Halafu ikaendelea kuinuka hadi ikasimama wima, ikapinduka chali juu ya vichwa vyetu, ikarudi nyuma na mota yake inanguruma kwa nguvu zote. Alisukuma kijiti mbele, nayo ikafanya vibaya zaidi. Jua lilikuwa linachomoza usoni mwake. Nilisema, "Zima! Hashimu, zima!" Sasa nikawa na sauti. Aliinua mkono wa kulia kukinga uso, na panga la mota, lile linalozunguka puani, likampata kwenye vidole.

Sitaeleza damu. Kazi yangu ni damu, na ile sikuweza kuitazama. Nilimfunga kwa mtandio wangu, Mzee Chilewa akaacha mbuzi wake watawanyike akakimbia barabarani kutafuta bodaboda, na muda wote huo Hashimu alikuwa anauliza kama bawa limevunjika. Hospitali walimshona. Daktari alitueleza mimi na Bi Mwanaidi, tumekaa kwenye benchi ukumbini, kwamba kano za vidole viwili, cha shahada na cha kati, zimekatika vibaya. Vidole vitapona lakini huenda visikunjike tena. Bi Mwanaidi aliuliza jambo moja tu. "Na kazi yake?" Daktari akatazama faili lake. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kupata uzoefu.

Miezi minne iliyofuata nilikuwa mkono wa kulia wa Hashimu, na ninaposema hivyo simaanishi msemo. Wateja walikuwa wanasubiri redio zao, naye hakuweza kushika solda ya kuunganishia nyaya. Nikaishika mimi. Alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, mkono umefungwa bandeji kama kifurushi, akaniongoza. Mungu anisamehe, sijawahi kuona mwalimu mbaya namna ile. "Si hapo. Hapo. Hapo wapi? Pale nilipokuambia jana." Akivuta pumzi kwa meno kila nilipokosea. Akinyoosha mkono wa kushoto kuninyang'anya, akakumbuka, akaurudisha. Mara kumi kwa siku nilitaka kumpiga na redio. Mara kumi kwa siku niliona vile vidole viwili vimenyooka kama vijiti vya mishikaki, nikameza. Bi Mwanaidi alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, naye anageuza uso kwa aibu, na mama yake akisema, "Nilikulisha ukiwa huna meno, sembuse leo." Kisha ananigeukia mimi: "Na wewe kula, mwanangu, umekonda. Asante kwa kumsaidia. Mungu atakulipa." Kila jioni asante hiyo. Nilikuwa nakula pilau yake na asante yake, na vyote vilikataa kushuka.

Nilijaribu kukiri. Nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na maumivu, akanifukuza. Mara ya pili nikaanza, "Hashimu, ile siku, mkia..." akanikatiza: "Mkia haukuwa na tatizo. Tutajenga nyingine." Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia sitashika boksi wala gundi. Siku tatu baadaye nilikuwa nakata mabawa, kwa sharti moja: mizani ni yangu, na nikisema bado, ni bado. Alikubali kwa kuguna. Mkia nilikata mwepesi, sikuupaka rangi. Misumari nilifunga mwenyewe. Niliipima uani mbele ya Bi Mwanaidi, nikairudia asubuhi, nikairudia Ihumwa kabla ya kuirusha, hadi Mzee Chilewa akauliza kama ndege inaumwa tumbo.

Safari hii rimoti nilishika mimi, maana vidole vyake havikuweza. Yeye alirusha kwa mkono wa kushoto. Ikaondoka mkononi mwake ikanyooka, chini kidogo, kisha ikaanza kupanda pole pole kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Nikaizungusha juu ya shamba. Nikaipeleka kuelekea reli nikaigeuza, ikageuka. Hashimu alikuwa karibu na sikio langu: "Kushoto. Punguza. Kushoto, nimesema! Unaogopa nini?" Hakunyamaza hata dakika moja. Niliishusha juu ya mabua, ikateleza, ikasimama nzima. Mzee Chilewa aliiendea, akaiinua kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe haina kitu ndani." Hashimu akaketi chini kwenye vumbi akalia, akaniambia nisimwangalie. Mwezi ule ule majina yakatoka. Nilipangiwa Mpwapwa. Ile safari ya kwenda kuwaonyesha mabwana mifugo hatukuifanya kamwe; mimi nilikuwa na zamu, yeye alikuwa na sababu, na baada ya hapo ilikuwa salamu za Idi na Krismasi kwenye simu, halafu hata hizo hapana. Nilisikia ameacha ufundi, amefungua duka la vipuri vya pikipiki, na linakwenda vizuri.

Watu walipopungua msibani, alikuja akaketi kwenye mkeka mbele yangu. Ana mvi. Ana tumbo. "Umechelewa," alisema. Nikamwambia basi lilichelewa. "Ungepanda la asubuhi." Nikamwambia ujumbe wake ulifika saa nne na nusu. "Basi la saa tano lilikuwepo." Nikavuta pumzi, nikakumbuka tuko msibani. Na kwa kuwa mama yake alikuwa amekwisha kwenda na asante zake zote, nikaona nisingoje tena. Nikamweleza. Ile Ijumaa, vidole viwili, mkia ulivyoanguka, mlango wa barazani, maneno niliyoyasikia. "Nilijua haitaruka," nilisema. "Nilijua, nikakaa kimya, nikaitupa. Hivyo vidole vyako ni kazi ya ukimya wangu." Miaka kumi na tano nilikuwa nimejiandaa kwa chochote: anitukane, anifukuze, alie, anisamehe.

"Mkia haukuwa mzito," akasema. "Ulitupa vibaya."

Enyi watu. Nilimwambia nilipima. Akasema nilipima ndani, ndani hakuna upepo. Nikamwambia mizani haihitaji upepo! Akasema ubao ule ulikuwa mwepesi sana, anaukumbuka. Nikamwambia, na rangi? Mikono miwili ya rangi ya madirisha? Akasema rangi ikikauka uzito unapungua. Nikasahau nilipo. Nilipiga mkeka kwa kiganja, kanga ikanianguka begani, wanawake waliokuwa wakiosha sinia wakageuka wote. Mjomba wake alikuja kutoka barazani, akatuuliza kwa upole kama kuna tatizo la urithi wa nyumba, na kama liko, lingoje hadi hitima ipite. Tukamwambia hakuna. Nilichukua mkoba wangu nikainuka. Nilikuwa nimekuja kutubu na nilikuwa naondoka nina hasira, na sijui kama yuko mtu mwingine aliyepatwa na hilo.

Alinisindikiza hadi getini, mkono wake wa kulia mfukoni. Pale akasimama. Alikuwa anatazama barabarani, si mimi.

"Yusta," alisema, "hata ungeniambia siku ile, nisingekusikia."

"Najua," nilimjibu. "Lakini ningekuwa nimekuambia."

Nikangoja abishe. Hakubisha. Akatoa mkono mfukoni, akavuta komeo kwa vile vidole viwili vilivyonyooka, akanifungulia.